Kilatini cha Baba Jerop

Bonface ndiye aliyetuletea taabu hii yote, na Bonface mwenyewe hakuwapo.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, siku ile wageni walipotoka Langas na kuja kwetu Kimumu kwa mara ya kwanza. Walikuwa watu wa Kuria, kijana aliyetaka kumwoa binti yetu Jerop. Sisi ni Wakalenjin na wao ni Wakikuyu, na hapa Eldoret watu kama sisi tukikaa sebule moja kuzungumza jambo kubwa, kila mtu huchunga ulimi wake. Hata chai ilinywewa kwa heshima, bila mtu kuipuliza. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Kuria, Mzee Macharia, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alisimama, akavuta koti likae vizuri, akasema wamekuja bona fide.

Mume wangu Kimeli, ambaye mimi humwita Baba Jerop, alitazama mlangoni. Akatazama tena. Kisha akanionyesha kwa jicho niongeze kikombe.

"Bonface akuje ndani tu," aliwaambia wageni. "Mbona mmemwacha nje na hii baridi?"

Mimi nilikuwa nimeshaimimina chai ya Bonface. Siwezi kujifanya mjanja hapa, nilikuwa nimetia hata sukari. Ndipo Macharia akaanza kucheka. Sidhani alikuwa na ubaya, lakini alicheka mpaka miwani ikaangukia sahani ya mandazi, na huku akifuta machozi akatueleza kwamba hayo ni maneno ya Kilatini yaliyoingia katika Kiingereza, na maana yake ni nia njema. Wageni wakacheka wote. Kuria peke yake hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Kimeli alitoa kicheko kifupi cha adabu, halafu hakusema neno lingine la maana mpaka wageni wakaondoka. Chai ya Bonface aliinywa yeye.

Nimekaa na Kimeli miaka ishirini na nane, namjua. Ni mtu wa ng'ombe wanne na mitungi ya maziwa. Aliacha shule darasa la saba kwa sababu baba yake alifariki na wadogo zake walihitaji kula, na jambo hilo ni kidonda ambacho hujui kipo mpaka ukiguse. Kanisani hana shida. Huko ni mzee wa kanisa, Biblia anaifungua pale anapotaka bila kupekua, na akikohoa watu wananyamaza. Lakini mbele ya watu wa kalamu hunywea. Kicheko cha Macharia kilimkaa kooni wiki nzima, na ng'ombe wakapunguza maziwa kwa sababu aliwakamua kwa hasira.

Wiki ya pili alirudi kutoka mjini na kitabu. Alikuwa amekinunua kwa Jeconia, yule anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia kando ya barabara. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mbele zilikuwa zimeliwa na panya, kwa hiyo kilianzia katikati ya herufi A. Ndani yalikuwamo maneno ya kigeni yanayotumika katika Kiingereza, moja baada ya jingine, na maana zake. Kimeli alikisoma jioni nzima na miwani yangu, kwani ile yake haimtoshi. Aliponiinulia uso alikuwa na hasira mpya.

"Mama Jerop, kumbe Kiingereza ni lugha ya kuomba-omba," alisema. "Hii ni ya Warumi, hii ya Wafaransa, hii ya Wajerumani. Hawa watu wametucheka na vitu vya kuazima."

Kuanzia siku hiyo nyumba yangu haikuwa na amani. Alisomea zizini, alfajiri na jioni, kitabu kikiwa kimechomekwa kwenye ufa wa ubao, na ili asisahau aliwapa ng'ombe majina. Yule mweupe asiyesogea hata ukimsukuma na bega akawa Status Quo. Ndama wa kike aliyezaliwa bila mpango, baada ya fahali wa jirani kuruka ua, akawa Ad Hoc. Mbwa, ambaye hata hapo awali hakuwa na rafiki, akaitwa Persona Non Grata, na akawa haitiki kabisa.

Shida ilikuwa ulimi. Ulimi wa Kikalenjin hauna haraka ya kutenganisha b na p, wala k na g, na wangu ni uleule, sijisifu. Lakini wangu haukuwa ukihangaika na Kilatini. Bona fide ilitoka "pona fite", na mimi nikauliza nani anaumwa. Vis-à-vis ilitoka "fisafii", nikamwuliza ni fisi gani huyo aliye safi. Nilicheka, nakiri. Nilimsimulia jirani naye akacheka. Kimeli alikuwa akija jikoni na neno lake jipya, anasimama pale mlangoni na kusema, "Mama Jerop, sikiza hii moja tu," nami namwambia masikio yangu yamejaa, akawasomee ng'ombe. Alikuwa anarudi zizini na kitabu chake.

Sasa nieleze juu ya Jerop, kwa sababu bila hilo mtaniona mjinga zaidi ya nilivyo.

Jerop anafundisha shule ya msingi ya watu binafsi huku Kimumu, na Jumamosi huja kunisaidia. Mimi nauza mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, kwa hoteli za mjini. Jumamosi moja mwezi wa pili nilikuwa naandaa kibuyu, nakisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mti wetu ule wa dawa, moshi unapanda vizuri. Ni harufu ambayo Jerop aliipenda tangu akiwa anatambaa. Siku hiyo aliinusa mara moja, akaziba mdomo na kukimbilia nyuma ya nyumba. Nilimsikiliza huko alikokuwa. Aliporudi sikumwuliza ni nini, nilimwuliza ni miezi mingapi.

"Miwili na kitu," alisema, na akaanza kulia.

Ni ya Kuria, hakukuwa na swali hapo. Siku ya koito, yaani siku ya wakwe kuja kumaliza maneno ya posa, ilikuwa imebaki wiki tatu, na harusi ya kanisani ilikuwa imepangwa mwezi wa nne. Gauni jeupe lilikuwa tayari kwa fundi. Katika nyumba nyingine mama angekaa na baba akamwambia polepole, wakanuna siku mbili, yakaisha. Katika yetu haikuwa hivyo, na sababu ni Kimeli mwenyewe.

Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amesimama katika mkutano wa wazee wa kanisa na kuwashawishi wapitishe sheria. Bibi harusi mwenye mimba hatavaa shela katika kanisa letu. Atasimama mbele ya watu atubu, halafu atafungishwa ndoa ofisini kwa pasta, siku ya kazi, na mashahidi wawili. Sheria hiyo ilimpata msichana mmoja tu, binti ya Mama Mideva, mweka hazina wetu wa kanisa. Aliolewa Jumanne saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, na gauni lake ambalo Mideva alilishonesha kwa jasho lake likabaki ndani ya sanduku. Mideva hakuhama kanisa na hakumtukana mtu. Ila tangu siku ile, akimsalimia mume wangu, humpa ncha za vidole tu.

Kwa hiyo Jerop aliponishika mkono na kuniomba nisimwambie Baba kabla ya koito, niliahidi. Nilijiambia kwamba wakwe wakishaondoka na mambo yakishafungwa, nitamketisha Kimeli, nitampa chai, nitamwambia mimi mwenyewe, sisi wawili. Asije akasikia mbele za watu. Hilo tu ndilo nililotaka duniani. Asicheke mtu, asishangae mtu, asivuliwe nguo tena sebuleni kwake kama ile siku ya Bonface.

Jioni ileile, macho yangu yakiwa bado mekundu, Kimeli akaja mlangoni pa jikoni amefurahi. Alisema amepata neno moja zuri ajabu, ambalo ulimi wake unaliweza kama la nyumbani, maana halina b wala g wala v ndani yake. Akaomba anisomee. Nilimwambia akalisomee Status Quo. Nalikumbuka sana jambo hilo.

Siku ya koito ilifika, Jumamosi mwezi wa tatu, na sebule ikajaa. Kwetu walikuwapo ndugu za Kimeli kutoka Ainabkoi, kwao walikuwapo Macharia, mama yake Kuria, na shangazi wawili wenye kofia. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa cha wote. Mursik ilizunguka. Macharia aliinywa kwa ushujaa, akaomba nyingine, na tangu hapo meno yake yalikuwa na vitone vya mkaa kila alipotabasamu, jambo ambalo Kimeli aliliona na halikumwudhi hata kidogo. Maneno ya ng'ombe na mablanketi yalikwenda bila kukwama. Mimi nilikaa karibu na mlango wa jikoni, nahesabu dakika. Jerop alikuwa amesimama na trei ya vikombe, na rangi ya uso wake sikuipenda.

Macharia akasimama kufunga. Akarudia kila kitu kilichokubaliwa: mahari, tarehe ya harusi, kwamba Jerop ataendelea na kazi yake ya ualimu, kwamba familia zitatembeleana. Kisha akaketi na kusema sasa wangependa kusikia kutoka kwa baba.

Kimeli alisimama. Alikuwa amevaa koti alilonioa nalo. Niliona midomo yake ikijaribu kitu kimyakimya, na nikajua kuna neno linakuja. Nilimwomba Mungu lisiwe fisi. Alimtazama Macharia, halafu akamgeukia Jerop, akatabasamu, tabasamu la mtu anayetoa zawadi, na akasema kwa sauti ya kanisani, kila herufi mahali pake:

"Ndugu zangu, yale yote mmesema nimesikia. Sisi tumekubali. In toto."

Mimi nilisikia toto. Huku kwetu juu Kiswahili hakina mapambo, mtoto ni toto, hii toto, ile toto. Nilisikia mume wangu amesimama mbele ya wakwe, anamtazama binti yake, anasema tumekubali, ni toto. Nilifikiri anajua. Nilifikiri amejua muda mrefu, na amengoja siku ya leo. Mdomo wangu ulifunguka kabla mimi sijafika.

"Baba Jerop," nilisema, "ni nani alikuambia?"

Akanigeukia, tabasamu bado liko. "Aliniambia nini?"

"Maneno ya mtoto. Kwamba Jerop yuko na mimba."

Jerop aliiweka trei mezani polepole sana, kama amebeba mayai. Shangazi mmoja alivua kofia. Mama yake Kuria akamtazama Jerop tumboni, akamtazama usoni, akauliza kwa sauti ndogo mtoto ni wa nani. Kuria alikuwa ameshasimama.

"Ni wangu, Mum," alisema.

Katika nyumba nzima mtu mmoja tu alikuwa bado hajaelewa, naye ni Macharia, ambaye alikuwa anafurahia Kilatini. Alinyoosha mkono juu, kama yuko kortini, akataka watu watulie. "Hapana, hapana, mmesikia vibaya," alisema. "In toto ni Kilatini, Mama Jerop. Na Mzee ameitumia sawasawa. Maana yake ni yote, bila kubakisha."

Na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimesema yote, bila kubakisha.

Kimeli alisimama pale kidogo zaidi. Tabasamu lilikuwa limekwenda lakini midomo haikuwa imejua, ilibaki wazi. Alichukua kofia yake juu ya kabati, akatoka nje. Hakubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Nilimkuta zizini, ameegemea ubavu wa Status Quo, na viatu vyake vyeusi vya harusi vimezama kwenye matope. Nilisimama upande wa pili wa ng'ombe. Aliniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Akaniuliza ni lini, nikasema mwezi wa tisa. Alihesabu kwa vidole, akafika, akarudia tena.

"Kwa hiyo nilipokuwa nasoma hapa, nyinyi mlikuwa mnajua," alisema. "Mnakaa huko jikoni, mnajua, na mnanicheka."

Nilimwambia kwamba nilicheka maneno, sikumcheka yeye. Hata mimi nilihisi kwamba huo ulikuwa uongo nusu. Alitoa kile kitabu mfukoni mwa koti, akakishika kama anakipima uzito.

"Hapa kuna maneno mia mbili na kumi na moja," alisema. "Ya watu sijawahi kuwaona. Nimeyashika yote. Neno moja tu la nyumba yangu, hilo ndilo sikuambiwa."

Nililia hapo. Nilimwambia ukweli, kwamba tulimwogopa. Alishangaa sana. Akaniuliza kama amewahi kunipiga, nikasema hapana. Akaniuliza kama amewahi kumfukuza mtoto.

"Wako, hapana," nilisema. "Wa Mideva ulimfukuza."

Status Quo akainua mkia na kufanya haja yake karibu kabisa na viatu vile vya harusi, na hakuna aliyesogea, wala mimi, wala yeye, wala ng'ombe. Nilidhani atarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma aingie kitandani, na wakwe waondoke, na iwe ndiyo basi. Badala yake akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia. Aliniuliza kama Macharia alikuwa anacheka.

Nikasema hapana. Nikasema Macharia ndiye peke yake aliyesikia neno lake vizuri, na aliwaambia watu wote kwamba amelitumia sawasawa.

"Alisema hivyo? Sawasawa?"

"Watu wote walisikia."

Kimeli alikwangua matope viatuni kwa kijiti, kiatu cha kwanza, kisha cha pili. Akarudisha kitabu mfukoni. "Nilisema nimekubali yote," alisema. Nikamkumbusha kwamba hakuwa anajua yote ni yapi. Akasema hata hivyo alilisema yeye, mbele ya watu, na hakulisema ili liwe pambo.

Tulipoingia sebuleni, Macharia alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema kwa unyenyekevu kwamba kosa ni lake, kwani yeye ndiye aliyeleta Kilatini katika nyumba hii, na kwamba siku ya Bonface alicheka kuliko mgeni anavyoruhusiwa. Alimwomba Kimeli radhi. Kimeli alimpa mkono. Kisha akasema, bila sauti ya kanisani safari hii, kwamba neno lake liko palepale, in toto, na kwamba sasa amejua toto limo. Watu walicheka, na nilimtazama usoni kwa haraka, lakini naye alikuwa anacheka kidogo.

Halafu akamwita Jerop. Akamwambia kwamba sheria ya kanisa ni yeye aliyeileta, na hawezi kuiondoa kwa sababu leo imegonga mlango wake. Atasimama mbele ya watu atubu, kama mwenzake alivyosimama, na gauni litangoja. Jerop aliinamisha kichwa na machozi yakamdondoka juu ya viatu.

"Lakini hutasimama peke yako," alisema Kimeli. "Mimi nitasimama na wewe."

Wiki iliyofuata alijiandaa kuliko alivyojiandaa kwa koito. Safari hii nilimwacha anifundishe. Nilikaa zizini juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikarudia baada yake, nikajua kwamba bona fide si mgonjwa na vis-à-vis si fisi. Neno lake la Jumapili alinionyesha kwenye kitabu, mea culpa, kosa ni langu. Nilimshauri alitumie Kiswahili tu, kanisa ni la watu wa kawaida. Akasema neno la kanisani linataka uzito, na hili limekaa kanisani miaka elfu moja na zaidi. Nilinyamaza, maana nilikuwa nimeshapoteza haki ya kumcheka.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje, kwa sababu Kimumu habari hazihitaji tangazo. Macharia alikuwa amekuja, ameketi safu ya pili na mama yake Kuria. Jerop alisema maneno yake machache, Kuria akasema yake, na sauti zao hazikutetemeka sana. Kisha Kimeli akachukua kipaza sauti. Alisema kwamba miaka miwili iliyopita alimpima mtoto wa mwenzake kwa kamba ambayo hakudhani itafika kwake. Alisema hakuuliza, hakumtembelea, hakwenda hata siku ile ya Jumanne. Halafu akainua uso na kutoa Kilatini chake, kwa ulimi wetu ule wa milimani, kupitia spika kuukuu inayokwaruza.

Mimi nililisikia vizuri, na Macharia alilisikia, nilimwona akitikisa kichwa kwa heshima. Kanisa lililobaki lilisikia: mia, kulipa.

Sisi ni watu wa harambee, wa kuchangiana. Mzee wa kanisa akisimama mbele na kusema mia, kulipa, hakuna anayeuliza. Mikoba ilifunguka. Akina mama wa kwaya wakaanzisha wimbo wa sadaka, safu ya mbele ikasimama, safu ya nyuma ikafuata, na watu wakaja wakicheza polepole, kila mtu na mia yake mkononi. Pasta alimtazama Kimeli, Kimeli akanitazama mimi, na mimi nilikuwa nimeinama chini ya kiti nikiuma kitambaa cha kichwa. Mideva, kwa kuwa kazi ni kazi, alikuwa ameshatoa kikapu chini ya meza na kukiweka miguuni pa Jerop. Alisimama kando yake na uso mgumu mpaka mstari wote ukaisha. Jerop alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Wimbo ulipokwisha Mideva alibaki pale mbele. Alifungua pochi yake, akatoa noti ya mia, akaikunjua, na akamgeukia mume wangu. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Kimeli, kwa hiyo tulisikia sote.

"Mzee, mimi kama mweka hazina ni lazima niandike," alisema. "Hii mia ni ya nini?"

Kimeli alifungua mdomo. Nilijua ana maneno mia mbili na kumi na moja ya kuchagua.

"Si mia, Mama Mideva," alisema. "Nilikuwa nasema kosa ni langu. Kwako. Nilimkosea mtoto wako, na nikakukosea wewe."

Mideva alifunga pochi yake.

"Basi si ungesema hivyo," alisema. Akaitia ile mia kikapuni, akabeba pochi yake vizuri chini ya kwapa, na kabla ya kurudi kuketi akampa mume wangu mkono, mkono wote.